Pete ya Arusi: Soma Nambari Kabla ya Kulipa

Arusi imekaribia, nawe na mchumba wako mmesimama mbele ya kabati la vioo la sonara. Pete zote zinang'aa. Mtajuaje iliyo na dhahabu zaidi?

Itazameni kwa ndani. Dhahabu tupu huitwa karati 24. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24. Zilizobaki ni madini mengine kama vile fedha na shaba. Hupigwa chapa 750, yaani sehemu 750 katika kila 1,000. Ya karati 22 huwa na 916, ya karati 14 ni 585 na ya karati 9 ni 375.

Pigeni hesabu. Pete ya karati 18 yenye uzito wa gramu 4 ina gramu 3 za dhahabu. Ya karati 9 yenye uzito uo huo ina gramu moja na nusu tu. Mkiuziwa ya pili kwa bei ya ile ya kwanza, mmepunjwa.

Hata hivyo, msikimbilie karati 24. Dhahabu tupu ni laini, na kwa mtu afuaye na kuosha vyombo kila siku, hukwaruzika na kupindika upesi. Karati 9 ni ngumu na ya bei nafuu, wala si aibu kuvishana.

Mkiona herufi GP, jueni imepakwa dhahabu juu juu tu. Na kwa kuwa chapa yaweza kughushiwa, sonara aipime mbele yenu, kisha aandike uzito na karati kwenye risiti. Itunzeni risiti hiyo pamoja na cheti cha ndoa.