JE, HISABATI YA JUU INA KAZI GANI MTAANI?

Katika shule yoyote ya upili nchini mwetu, lipo swali moja ambalo halikosi kusikika kila muhula: "Mwalimu, hii itanisaidia nini nikitoka hapa?" Aghalabu huulizwa siku ambayo ubao umejaa milinganyo ya kipeo cha pili. Siku ya kujumlisha na kutoa hakuna anayeliuliza. Hata mtoto wa chekechea aliyetumwa dukani na noti ya shilingi mia anafahamu kwamba asipojua chenji ni ngapi, ataliwa. Ubishi huanza pale tunapozivuka zile hesabu nne za kawaida, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, tukaingia kwenye sini na kosini, logi, mifuatano ya namba na uwezekano. Hapo ndipo wengi huinua mikono na kusema, "Haya ni ya wenyewe."

Na swali lenyewe si la darasani tu. Mtaala mpya wa umilisi ulipokuwa ukitayarishiwa shule za upili za juu, Hisabati haikuwekwa kati ya masomo ya lazima kwa wote. Zikapigwa kelele nyingi, na mwezi wa Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: wale wa STEM wasome iliyo kamili, na wale wa Sayansi za Jamii na wa Sanaa na Michezo wasome iliyopunguzwa makali. Wapo waliofurahi na wapo walionuna. Basi haifai sisi wa Chama cha Kiswahili tukae kimya eti kwa sababu ni watu wa mashairi. Kwani tarbia ya mizani 16 kila mshororo si mizani 64 kila ubeti? Na anayekosea hesabu hiyo anajua jinsi kalamu nyekundu inavyomngoja.

Kabla sijaendelea, wacha niwape wapinzani haki yao. Ni kweli kwamba mama anayeuza mboga pale Marikiti hajawahi kuulizwa na mteja atafute eneo lililo chini ya mkunjo wa grafu. Ni kweli pia kwamba wapo matajiri wengi ambao shule yao iliishia darasa la saba. Tena ile hoja ya walimu kwamba "Hisabati hunoa bongo" mimi naiona dhaifu kidogo. Hata mchezo wa bao hunoa bongo, hata kutunga utenzi hunoa bongo. Ikiwa faida ni kunoa tu, basi kila mtu na achague tupa yake. Hoja yenye nguvu ni nyingine: kuna watu ambao riziki yao hutoka katika hesabu ambazo wewe hukuzisoma. Tuanze na wakopeshaji.

Chukulia kwamba mzazi wako anataka kukopa shilingi 120,000 anunue ng'ombe wa maziwa, na kwamba atalipa kwa miezi 12. Mkopeshaji wa kwanza anamwambia, "Riba yetu ni asilimia 12 kwa mwaka, juu ya mkopo wote." Wa pili anamwambia, "Yetu ni asilimia 16 kwa mwaka, juu ya salio linalopungua." Aende kwa nani? Ukiuliza kijiji kizima, naamini wengi watakuambia aende kwa wa kwanza, maana 12 ni ndogo kuliko 16. Hata kikokotoo cha simu kitakubali kwamba 12 ni ndogo kuliko 16. Lakini hebu tupige hesabu pole pole.

Kwa mkopeshaji wa kwanza riba ni asilimia 12 ya 120,000, yaani shilingi 14,400. Hiyo haina maneno. Kwa mkopeshaji wa pili, mzazi anarudisha shilingi 10,000 za mkopo kila mwezi, na riba inahesabiwa juu ya kile ambacho bado anadaiwa. Mwezi wa kwanza anadaiwa 120,000, wa pili 110,000, wa tatu 100,000, hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili ambapo anadaiwa 10,000 tu. Tunataka kujua kwa wastani alikaa na pesa ngapi za mwenyewe mwaka huo. Sasa hapa ndipo ile mifuatano ya namba inapoingia, ambayo katika silabasi ya 8-4-4 hufunzwa kidato cha tatu. Huna haja ya kujumlisha namba zote moja moja. Oanisha ya kwanza na ya mwisho: 120,000 na 10,000 ni 130,000. Oanisha ya pili na ile iliyo kabla ya mwisho: 110,000 na 20,000, tena ni 130,000. Jozi ziko sita, kwa hivyo jumla ni 780,000. Gawanya kwa miezi 12 upate wastani wa 65,000. Asilimia 16 ya 65,000 ni shilingi 10,400.

Umeona? Yule wa asilimia 16 anachukua 10,400, na yule wa asilimia 12 anachukua 14,400. Tofauti ni shilingi 4,000, na kwa ng'ombe huyo hizo ni gunia za chakula. Mkopeshaji wa kwanza hakusema uongo hata kidogo. Alichofanya ni kukutoza riba hata kwa pesa ambazo ulikwisha kumrudishia. Ukitaka kujua riba yake halisi, gawanya 14,400 kwa zile 65,000 ulizokuwa nazo kwa wastani, utapata zaidi ya asilimia 22. Na karatasi ilikuwa imeandikwa 12! Ati watu husema hakuna haja ya kusoma mifuatano.

Mikopo ya simu nayo ina yake. Tuseme mkopo una ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Mtu wa hesabu nne atazidisha 7.5 kwa 12 apate asilimia 90 kwa mwaka, na hapo atashtuka. Lakini je, akiwa ni yule ndugu ambaye kila mwezi hukopa upya ili alipe deni la mwezi uliopita pamoja na ada yake? Huyo haongezi, anazidisha. Shilingi 1,000 inazidishwa kwa 1.075 mara kumi na mbili, na mwisho wa mwaka anadaiwa kama 2,380. Ongezeko ni asilimia 138, wala si 90. Benki Kuu ya Kenya ilipewa uwezo wa kuwasimamia wakopeshaji wa simu kwa sheria ya mwaka 2021, na hilo ni jambo jema, ila sheria haitakupigia hesabu saa nne za usiku ukiwa kitandani na simu mkononi.

Kuzidisha kwa mfululizo ndiko pia kulikowaangusha waliojiunga na biashara za piramidi. Watu wazima wanazikumbuka zile za mwaka 2006 na 2007, ambazo Wakenya wengi walipoteza ndani yake akiba ya maisha yao. Masharti huwa ni matamu: lete watu sita tu, nao kila mmoja alete sita. Sita ni wachache kweli. Lakini hatua ya pili inataka watu 36, ya tatu 216, ya nne 1,296. Ukifika hatua ya kumi unahitaji watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, pamoja na watoto wachanga. Kwa maneno mengine, hata ukiandikisha kila mtoto aliye mgongoni mwa mamake, hatua ya kumi haitimii. Walio juu watalipwa na walio chini watalia, na walio chini ndio wengi siku zote. Mtu mwenye karatasi na kalamu angeyaona haya kwa dakika tano.

Sasa nije kwa jambo ambalo baadhi yetu hatupendi liguswe, nalo ni kamari ya mpira. Sheria hairuhusu walio chini ya miaka 18, lakini sote tunajua likizo zinavyokwenda. Kampuni ya kamari hutoa namba tatu kwa kila mechi: nyumbani wakishinda, wakitoka sare, na wageni wakishinda. Tuseme namba hizo ni 2.20, 3.20 na 3.30. Gawanya 1 kwa kila moja upate uwezekano ambao kampuni imeuficha ndani yake: 0.4545, 0.3125 na 0.3030. Katika somo la uwezekano tunafunzwa kwamba matokeo yote yakijumlishwa lazima yawe 1. Hizi zetu zinafika 1.07. Hiyo 0.07 iliyozidi imetoka wapi? Hiyo ndiyo sehemu ya mwenye duka! Tukichukulia kwamba kampuni imezikadiria timu sawasawa, kwa kila shilingi 100 unayoweka, utarajie kurudishiwa kama 93 tu baada ya kucheza mara nyingi.

Saba si nyingi, utasema. Lakini vijana hawachezi mechi moja moja, wao huunganisha tano, hata kumi, kwa sababu malipo yake yanavutia. Na kila unapounganisha, lile pengo nalo linazidishwa. Kwa mechi tano zile 93 zinakuwa kama 71. Kwa mechi kumi zinakuwa kama 51, kumaanisha kwamba karibu nusu ya pesa zako imekwenda hata kabla ya refa kupuliza kipenga. Mechi kumi ambazo kila moja ni kama kurusha sarafu, nafasi yako ya kuzipata zote ni moja kati ya 1,024. Na jakipoti yenye mechi 17 ambazo kila moja ina matokeo matatu, njia za kuijaza ni 129,140,163. Ungejaza moja kila sekunde bila kulala wala kula, ungemaliza baada ya zaidi ya miaka minne. Yule mshindi anayeonyeshwa kwenye televisheni akiwa ameshika hundi kubwa kama mlango ni mtu wa kweli, sikatai. Ila kamera haiwezi kuwaonyesha wote walioshindwa, hawatoshei.

Kuna matumizi mengine madogo madogo. Fundi wa nyumba anapoweka msingi hupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba ya mshazari. Ikiwa futi 5 barabara, basi kona yake ni ya mraba. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, hata kama fundi alirithishwa na mjomba wake na hajui jina lake. Nao wanaouza matangi ya maji wanajua kwamba tangi lenye upana mara mbili na kimo kile kile hubeba maji mara nne, si mara mbili. Kwa chapati ni vivyo hivyo. Chapati ya sentimita 30 kwa shilingi 35 ni rahisi kuliko ya sentimita 20 kwa shilingi 20, maana ile kubwa ni mara 2.25 ya ndogo, na ingestahili kuuzwa 45, ikiwa unene ni mmoja. Wenzangu wa meza ya nyuma, msiseme sikuwaambia.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu inafanya yote. Simu hufanya ile hesabu uliyoiambia ifanye. Haikuambii kwamba ulipaswa kutafuta wastani wa salio, wala haikuulizi mbona zile namba tatu zikigeuzwa zinapita 1.

Ningekuwa nimeulizwa yapi yabaki katika ile Hisabati iliyopunguzwa makali, ningeomba zibaki riba za aina zote, mifuatano ya namba, uwezekano na takwimu, na vipimo vya maeneo na ujazo. Milinganyo ya kipeo cha pili ningewaachia wa STEM bila machozi. Sini na kosini sijui, labda nusu nusu, kwa heshima ya mafundi wa paa. Walimu wetu wa Hisabati huenda wasikubaliane nami kuhusu milinganyo, na ukurasa wa barua upo.

Kwa sasa, mwenye kutilia shaka zile shilingi 4,000 za ng'ombe na achukue karatasi. Aandike miezi 12 upande wa kushoto na salio la kila mwezi upande wa kulia. Atafute asilimia 16 ya kila salio, agawanye kwa 12, kisha ajumlishe safu yote. Mwezi wa kwanza atapata 1,600, na wa mwisho atapata 133 na senti kidogo. Akimaliza amwonyeshe mzazi wake, hasa ikiwa nyumbani kuna fomu ya mkopo ambayo haijatiwa sahihi.