Fahamu: Insulini inavyotoka kwenye seli hadi kwenye damu

Insulini hutengenezwa na seli za kongosho. Nakala ya jeni hutoka kwenye kiini cha seli, ribosomu huisoma na kuunganisha asidi amino 110, moja baada ya nyingine. Zile 24 za mwanzo ni kama anwani juu ya bahasha: huonyesha mzigo uingie wapi, kisha hukatwa. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua kuwa protini hubeba anwani hizo. Protini hukunjwa, hupunguzwa hadi asidi 51, hufungashwa kwenye vifuko. Hapo inasubiri. Ukinywa chai yenye sukari, vifuko huungana na utando wa seli, vinamwaga insulini. Kwa mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza, seli hizo zimeharibiwa na kinga yake mwenyewe. Sindano yake ya insulini asiiruke.