Uzoefu Uliojificha Nyuma ya Kaunta

Steshenari moja ya Mwenge, Dar es Salaam, mchana wa jua kali. Mwalimu wa sekondari kaingia akihema, flashi mkononi. Mitihani ya muhula mzima imo humo, na kila folda imegeuka shotikati isiyofunguka.

“Mwanangu, kazi yangu yote imepotea.”

Kijana wa kaunta akaichomeka, akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika attrib na vialama vichache vya kufuatia. “Haijapotea, mama. Kirusi kimeificha tu.” Folda zikarudi moja baada ya nyingine.

Nikamuuliza kwa nini haombi kazi ya TEHAMA. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amewajazia watu watatu maombi kwenye Ajira Portal. “Sina uzoefu, kaka. Nina kidato cha nne tu, na waajiri wanataka miaka miwili.”

Jibu hilo liliniuma, maana nilichokiona pale kaunta kilikuwa uzoefu wenyewe. Kirusi cha aina ile hakifuti mafaili. Huyabandika alama ya kufichwa, kisha huweka shotikati bandia mahali pake. Anayelijua hilo hakimbilii kufomati flashi ya watu wala kupiga window upya. Ametenganisha dalili na ugonjwa, na anayehudumia kompyuta za benki au hospitali huanzia hapohapo. Intaneti ikigoma, kijana huyu hupiga ping kwenda 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google. Ikijibu ilhali tovuti hazifunguki, anajua njia ipo. Mara nyingi kinachokwama ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Anachokosa ni ushahidi. Kwenye wasifu wake ameandika “najua kompyuta”, maneno ambayo kila mwombaji anayo. Hakuna mahali alipotaja flashi alizookoa, printa alizofungua na kuzirudisha kazini, wala ruta alizopanga upya mtaani kwao.

Vyeti vina nafasi yake, ila sikubaliani na wanaomwambia kijana kama huyu aanze navyo. Mtihani wa cheti cha CCNA cha Cisco ni dola 300, fedha ambayo mtu wa kaunta ataikusanya kwa kujinyima mno. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard inasomwa bure mtandaoni, na freeCodeCamp, iliyoanza 2014, inafundisha kuandika programu bila kutoza hata senti. Gharama ni bando na usingizi. Cheti kitanunuliwa na mshahara wa kwanza.

Jambo moja nilimwambia kwa ukali kidogo. Kwenye skrini yake vilikuwa vimeachwa wazi vitambulisho vya NIDA na vyeti vya shule vya wateja wa wiki nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kazi hii ni ya kuaminiwa na siri za watu kila siku. Akaanza kuvifuta palepale.

Kisha akachukua daftari la madeni, akaligeuza upande wa nyuma, akapiga mistari: tarehe, tatizo, chanzo, nilichofanya. Flashi ya mwalimu ikawa ya kwanza. Ya pili printa ya juzi, ya tatu ruta ya duka la dawa la jirani. Alipofika ya kumi na moja, mteja wa fotokopi alikuwa bado amesimama, anasubiri.