Arosto na Sindano za Masikioni: Akupancha Inaweza Nini kwa Mraibu?

Mzazi aliyekesha na mwanawe katika arosto hahitaji kuelezwa ukali wake. Saa chache baada ya kukosa heroini, mraibu huanza kupiga miayo, hutokwa na machozi, makamasi na jasho; kisha hufuata kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Mateso hayo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na wengi huirudia heroini kwa kuyakimbia tu, wala si kwa kutafuta raha. Katika hali hiyo, familia hushika lolote linaloahidi nafuu. Mojawapo ni akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma mwili kwa sindano nyembamba. Tunapenda kueleza kile inachoweza na kisichowezekana kwayo.

Matumizi yake kwa waraibu si ya kale. Mwaka 1972 huko Hong Kong, Dkt. H. L. Wen, bingwa wa upasuaji wa ubongo, alikuwa akitumia sindano zilizounganishwa na umeme ili kupunguza maumivu ya upasuaji. Mgonjwa mmoja, mraibu wa kasumba, akasema kwamba arosto yake imetulia. Kuanzia mwaka 1974, Hospitali ya Lincoln katika eneo la South Bronx, New York, iliichukua tiba hiyo. Huko Dkt. Michael Smith na wenzake waliacha umeme, wakabaki na sindano tano katika kila sikio, huku wagonjwa wakiketi pamoja kimya kwa takriban dakika 45. Utaratibu huo umeenea katika nchi nyingi.

Je, unaponya? Mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha watu 620 waliotumia kokeini. Baadhi walichomwa katika sehemu maalumu za sikio, wengine katika sehemu zisizo maalumu, na wengine walitazama video za kutuliza akili. Makundi yote matatu hayakutofautiana katika kupunguza matumizi ya kokeini. Kuhusu arosto ya heroini, tafiti nyingi ni ndogo na majibu yake hayalingani. Kwa hiyo, mtu anaposema kwamba ametulia baada ya sindano, hatuna sababu ya kumkanusha. Lakini kutulia si kupona uraibu.

Tofauti hiyo hugusa uhai wenyewe. Mraibu aliyekaa siku kadhaa bila heroini hupoteza uwezo wa mwili kuistahimili. Akirudia kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa. Kwa sababu hiyo, kumaliza arosto bila matibabu endelevu ni hatari. Methadoni, iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, imethibitika kupunguza matumizi ya heroini na vifo. Asiwepo wa kumshawishi mgonjwa aiache kwa ajili ya sindano. Vilevile, mlevi wa pombe wa muda mrefu asikatishwe ghafla nyumbani, kwa kuwa arosto ya pombe inaweza kuleta degedege na kifo, apelekwe hospitali.

Anayetaka akupancha aichukue kama msaada wa pembeni, kwa mtaalamu aliyesajiliwa, na kwa sindano mpya zinazotumika mara moja tu, ili kuepuka virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Msamaria mwema alimfunga majeruhi jeraha zake, lakini hakuishia hapo. Alimfikisha katika nyumba ya wageni, akalipia matunzo yake, akaahidi kurudi. Ndugu zetu waraibu wanahitaji nafuu ya leo. Wanahitaji zaidi familia na jumuiya ndogondogo zitakazoendelea kuwapokea baada ya arosto kupita, hata wanapoanguka tena.