Ziwa ni Kubwa, Lakini Maji Yake Twayanywa

Ndugu zetu wengi wakaao kandokando ya Ziwa Victoria huona ajabu wakiambiwa kwamba maji yake yaweza kuharibika. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800; mtu asimamapo Bukoba haoni ng'ambo. Tena wako watoao hoja ya fikihi: maji mengi yaliyofikia kullateni hayanajisiki maadamu rangi, ladha na harufu yake hazikubadilika, seuze ziwa?

Hoja hiyo ni sahihi mahali pake, nayo ni hukumu ya tohara. Lakini kutawadha ni jambo moja, na kunywa ni jambo jingine. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Maji katika bilauri yaweza kung'aa, na ndani yake mna mauti. Na Mtume s.a.w. aliyetufundisha tohara ndiye aliyekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, akaonya pia juu ya kwenda haja mahali watu watekapo maji, akalihesabu miongoni mwa mambo yaletayo laana. Hakungoja maji yabadilike rangi.

Natutazame Kampala. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji machafu ya mji, ukayapitisha kinamasini, kisha yakaingia katika ghuba ya Murchison. Katika ghuba iyo hiyo, huko Ggaba, mna mitambo ivutayo maji ya kunywa ya mji. Yaani watu hunywa katika chombo kile kile wamwagiamo taka! Mafunjo ya kinamasi yalikuwa chujio: yakizuia tope, na mizizi yake ikinyonya uchafu. Lakini mengi yamefyekwa. Pamepandwa magimbi, na kwingine pamejengwa. Mkulima wa magimbi hatumlaumu sana, maana njaa haingoji. Twamlaumu zaidi mwenye kiwanda amwagaye taka mferejini usiku, hali anajua.

Uchafu huo, pamoja na mbolea ioshwayo na mvua mashambani, hulisha mwani wa kijani. Baadhi ya mwani huo una sumu, na hapa twaomba akina mama watusikilize sana. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, wala desturi hiyo isiachwe. Lakini sumu ya mwani haiondoki kwa moto. Maji yenye utando wa kijani, kama rangi iliyomwagika, yasitekwe ya kunywa hata kama yatachemshwa.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ziwezazo kudhuru hifadhi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 ni hatua themanini tu hivi. Vijana wetu waweza kuzihesabu kwa miguu yao siku ya Ijumaa baada ya sala, waone ni vyoo vingapi vimo ndani ya mpaka huo, kisha wakazungumze na wenyewe kwa upole, na kusaidia kuchimba vingine huko juu.