Jeni Zilizorudufiwa na Kinga ya Malaria: Mambo ya Kujifunza Kutoka kwa Glikoforini

Katika Wilaya ya Ludewa, mtu aondokaye kwenye baridi ya Mawengi akateremka hadi Lupingu au Manda, kando ya Ziwa Nyasa, huwa amehama pia kutoka eneo lenye mbu wachache wa malaria hadi eneo lenye mbu wengi. Watu wa milimani na wa ufukweni huoana na kufanya biashara pamoja. Kwa hiyo, swali la nani ana kinga dhidi ya malaria, na ameipata wapi, linawahusu moja kwa moja.

Kinga hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza hujengeka polepole kwa kuambukizwa mara kwa mara. Ya pili hurithiwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Kenya na Uganda, alionesha kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria. Gharama yake yajulikana: mtoto arithipo nakala mbili huugua selimundu.

Mfano mwingine, usiojulikana sana miongoni mwa wasomaji wetu, umo kwenye utando wa chembe nyekundu ya damu. Hapo zimepachikwa protini ziitwazo glikoforini, ambazo vimelea vya malaria huzitumia kujishikiza vinapotaka kuingia ndani ya chembe. Jeni za glikoforini A, B na E zimepangana katika kromosomu namba 4, nazo zinafanana sana kwa kuwa zilitokana na jeni moja ya kale iliyorudufiwa. Mfanano huo huzaa makosa ya kunakili. Mwandishi anayenakili ukurasa wenye mistari inayofanana huweza kuruka mstari mmoja au kuurudia mwingine. Vivyo hivyo, mayai na mbegu za uzazi zinapotengenezwa, jeni hizi huweza kupotea, kuongezeka au kuunganika.

Mojawapo ya miungano hiyo huitwa Dantu. Aliye nayo amepoteza nakala ya glikoforini B, na badala yake amepata jeni mbili chotara, zenye mwanzo wa B na mwisho wa A. Mwaka 2017 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionesha kwamba mpangilio huu hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 40, na kwamba unapatikana hasa Afrika Mashariki. Huko Kilifi, Kenya, wenye nakala mbili za Dantu walionekana kuwa na kinga ya asilimia 74.

Namna kinga hiyo inavyofanya kazi ilielezwa mwaka 2020 katika jarida la Nature. Watafiti waliitazama kwa video jinsi vimelea vinavyozivamia chembe, wakaona kwamba utando wa chembe za Dantu kwa wastani umekazika zaidi. Mkazo ukipita kiwango fulani, kimelea hushindwa kuingia, hata kwa chembe isiyo na Dantu.

Nchini kwetu, damu ya wakazi wa Nyamisati, katika delta ya Rufiji, ilichunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Wenye mpangilio huo walikuwa na himoglobini nyingi zaidi kuliko wenzao. Jambo hili ni kubwa, kwani malaria huharibu chembe nyekundu na kuleta upungufu wa damu.

Hata hivyo, kupungua kwa hatari si kutoweka kwake. Mwenye Dantu huweza kuugua malaria, na jeni hii haipimwi katika zahanati zetu. Mzazi asiache chandarua kwa kuamini kwamba ukoo wake una damu yenye nguvu.

Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa mkazi wa nyanda za juu. Yeye hakupata nafasi ya kujenga ile kinga ya kwanza. Ateremkapo ziwani, malaria huweza kumlemea hata akiwa mtu mzima mwenye afya njema. Alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa wiki moja au zaidi baada ya kufika huko, au wiki kadhaa baada ya kurudi, aende kupimwa mara moja na ataje safari yake. Nasi wahudumu, mgonjwa wa homa akija kutoka milimani, tumuulize alikokuwa kabla hatujamwandikia dawa ya ugonjwa mwingine.