Watu wa kufuatilia umeme hadi Lulindi watatoka wapi?

Nenda kijiji chochote cha jimbo la Lulindi, kati ya Masasi na Newala, uulize habari za umeme. Jibu litategemea umesimama wapi. Pale barabarani, jirani na shule na zahanati, watu wana luku, saluni na friji za soda. Kata kona, pita katikati ya mikorosho kwa bodaboda, halafu uliza tena. Huko nguzo zinaonekana kwa mbali tu.

Kwenye takwimu, kijiji hicho kina umeme. Kwa mama anayepeleka mahindi kwenye mashine ya dizeli, hakina.

Ni pengo ambalo Tanzania imeahidi kuliziba ifikapo mwaka 2030. Ahadi ipo kwenye karatasi na fedha zake zinatafutwa. Kinachozungumzwa kidogo ni watu: nani ataajiriwa, ataazimwa au atapangiwa kazi ya kufuatilia kila siku ili ahadi isiishie mezani?

Kilichoahidiwa

Januari 27 na 28, 2025, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kwenye mkutano wa nishati wa Misheni 300. Huu ni mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 hadi mwaka 2030.

Nchi 12 ziliwasilisha mipango yao pale, Tanzania ikiwemo. Wa Tanzania unaitwa Mpango Mahsusi wa Taifa wa Nishati, wa 2025 hadi 2030. Unataka wateja wapya milioni 8.3 waunganishwe, na matumizi ya nishati safi ya kupikia yafike asilimia 75. Gharama yake ni kama Dola bilioni 12.9, sehemu yake ikitarajiwa kutoka sekta binafsi.

Septemba mwaka huohuo nchi nyingine 17 ziliongezeka, Kenya ikiwa mojawapo.

Neno la kuangalia hapo ni "kuunganishwa". Utafiti wa nishati wa mwaka 2019/20 ulionyesha asilimia 78.4 ya Watanzania walikuwa wamefikiwa na umeme, yaani wanaishi karibu na miundombinu. Kaya zilizokuwa zimeunganishwa kweli zilikuwa asilimia 37.7. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ile bodaboda ya kupita katikati ya mikorosho.

Wizara ipo, kitengo cha nini tena?

Swali zuri, na watu wengi huuliza. Kuna Wizara ya Nishati, kuna TANESCO, kuna Wakala wa Nishati Vijijini (REA), kuna EWURA. Kwa nini kiongezwe kitengo kingine chenye mkurugenzi na magari?

Kila taasisi kati ya hizo ina kazi yake. REA inatafuta fedha na kumpa mkandarasi kazi. Mkandarasi anachimba na kusimamisha. TANESCO inakabidhiwa njia, inafunga mita na kuhudumia wateja. Hazina inatoa pesa. Halmashauri inajua mipaka ya vitongoji na nani anaishi wapi.

Kazi hukwama pale taasisi moja inapomwachia nyingine. Nguzo zimesimama, lakini transfoma haijaja. Transfoma haijaja kwa sababu mkandarasi anasubiri malipo. Malipo yanasubiri cheti cha kazi iliyokamilika. Cheti kinasubiri mtu aje akague. Ukiuliza kila ofisi, kila mmoja amefanya sehemu yake. Mwananchi anaambiwa "tunafuatilia".

Kitengo cha utekelezaji kipo kwa ajili ya kukwama huko. Hakichimbi mashimo wala hakinunui nyaya. Kinatakiwa kujua leo hii kazi imesimama kwa nani, kimpigie simu huyo mtu, na akishindwa, habari zimfikie katibu mkuu au waziri kabla ya robo mwaka kwisha. Mipango ya Misheni 300 inatarajia kila nchi iwe na chombo cha namna hiyo.

Tanzania ilishajaribu

Hili si jipya. Mwaka 2013 serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilianzisha Matokeo Makubwa Sasa, maarufu kama BRN. Ilichukua mfano wa Malaysia, ambayo nayo ilikuwa imejifunza kwa Uingereza ya Tony Blair.

Sekta 6 zilichaguliwa: nishati, maji, elimu, kilimo, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Wataalamu walikaa pamoja kwa wiki kadhaa, kwenye kile kilichoitwa maabara, wakachambua kila mradi hadi tarehe na jina la mhusika. Chini ya Ofisi ya Rais kikawekwa chombo cha kusimamia utekelezaji. Aliyekiongoza, Omari Issa, alitokea sekta binafsi. Kila wizara ya BRN, ya nishati ikiwemo, ikapewa kitengo chake kidogo.

Ulikuwa mfumo wenye meno. Waziri alijua namba zake zinasomwa na mkubwa wake, tena hadharani. Lakini meno yenyewe yalikuwa ya kuazima, kwa sababu nguvu ya kitengo ilitokana na Rais kukijali. Utawala ulipobadilika Novemba 2015, BRN ikafifia na baadaye chombo chake kikafutwa.

Waliotoka nje walirudi walikotoka, na watumishi wa wizara wakarudi kwenye madawati yao. Kikubwa kilichopotea ni ujuzi wa kufuatilia, kwa vile ulikuwa vichwani mwa watu wachache ambao ajira zao hazikuwa ndani ya mfumo wa kawaida.

Linganisha na REA. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, miezi ya mwisho ya Rais Benjamin Mkapa, ambaye kwao ni Lupaso, hukohuko Masasi. Wakala ulianza kazi mwaka 2007. Marais wamebadilika tangu hapo, REA ipo. Ina sheria, ina bodi, ina mfuko unaolishwa na tozo, na ina watumishi wenye namba za ajira.

Njia tatu za kupata watu

Ya kwanza ni ajira ya kawaida. Nafasi iingie kwenye ikama, Utumishi watoe kibali, Hazina ithibitishe mshahara, kisha Sekretarieti ya Ajira itangaze kwenye Ajira Portal. Maombi yanaweza kuwa maelfu kwa nafasi chache. Unafuata usaili wa mchujo, kisha wa mahojiano. Aliyeomba kazi serikalini anajua safari hiyo ilivyo ndefu. Anayepatikana hukaa, na hiyo ndiyo faida yake. Shida ni kwamba mpango una miaka 5 tu, na mwaka mzima unaweza kuishia kwenye vibali.

Njia ya pili, ya haraka, ni kuazima. Mhandisi wa TANESCO au mchumi wa REA anahamishiwa kwenye kitengo huku mshahara ukitoka alikotoka. Wiki mbili tu, mtu yuko mezani. Lakini ukimtoa mhandisi mzuri kwenye ofisi ya wilaya ili akajaze majedwali Dodoma, ni nani atakwenda kupima njia ya kitongoji? Wilaya zenye mafundi wachache ndizo zinazoumia zaidi, na mtu aliyeazimwa hasahau bosi wake wa kweli ni nani. Akitakiwa kuandika kwamba tatizo liko TANESCO, mkono unakuwa mzito.

Ya tatu ni mkataba, mara nyingi kwa fedha za wafadhili. Unapata mtaalamu wa takwimu au wa mikopo ambaye mshahara wa serikali usingemvuta. Ndani ya chumba kimoja sasa kuna watu wawili wanaofanya kazi ileile, mmoja akilipwa mara kadhaa ya mwenzake. Chuki ndogondogo huanzia hapo. Mradi ukifungwa, mwenye mkataba anaondoka na kompyuta yake, na alichojua anaondoka nacho.

Pengine kitengo kizuri huchanganya zote tatu, ila kwa uwiano unaoeleweka: kiini cha watu wachache walioajiriwa, wengine wakizunguka kwa muda, na kila mwenye mkataba akiwa na mtumishi wa kudumu pembeni anayejifunza kazi.

Nani hasa anahitajika?

Mkuu wa kitengo anatakiwa awe mtu ambaye simu yake inapokelewa. Cheo kinahusika, lakini zaidi ni kama anaingia kwa waziri bila kupanga foleni. Mtu wa manunuzi anatakiwa, kwa sababu zabuni ndizo hula muda. Wa fedha pia, hasa anayeweza kuzungumza na mabenki.

Anayesahaulika mara nyingi ni mtu wa takwimu, na kwa Lulindi yeye ndiye wa maana kuliko wote.

Serikali imehesabu vijiji 12,318 Tanzania Bara, na karibu vyote vimefikishiwa umeme. Vitongoji ni 64,359, na huko safari bado haijaisha. Kwenye awamu za vijijini, mkandarasi alipewa urefu fulani wa njia kwa kila kijiji. Kilomita zikiisha, nguzo zinaishia hapo hata kama nyumba zinaendelea. Ndiyo maana watu husema umeme "umeruka" kitongoji chao.

Kisha ukaja mradi wa vitongoji 3,060, yaani 15 kwa kila jimbo. Kwa Lulindi maana yake ni kwamba mtu fulani lazima achague 15 na kuviacha vingine. Bila orodha safi inayoonyesha kaya ngapi, mashine ngapi, kituo cha afya kipo au hakipo, na transfoma ya karibu ina uwezo gani, uchaguzi huo utafanywa kwa kelele. Mwenye sauti kubwa atapata.

Mtu wa takwimu akikaa Dodoma peke yake hawezi kujua kwamba kitongoji fulani kimegawanyika, au kwamba njia fulani haipitiki masika. Anategemea mhandisi wa REA wa mkoa, ofisi ya TANESCO ya wilaya, watu wa halmashauri na mtendaji wa kijiji. Hao nao ni watumishi wa mpango, hata kama hakuna aliyewaandika kwenye chati ya kitengo. Kama mtendaji hana hata vocha ya kutuma taarifa, jedwali la makao makuu litajazwa kwa kukisia.

Umeme wenyewe, na jiko

Kusini kuna historia inayofanya watu wawe wakali kwenye suala hili. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa Mtwara mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilileta vurugu mkoani mwaka 2013, na mwaka 2015 likaanza kazi. Bwawa la Julius Nyerere sasa lina mitambo yote 9, megawati 2,115. Anayekatikiwa umeme Masasi au Newala hawezi tena kuambiwa kwamba nchi haina umeme wa kutosha. Kilichobaki ni njia, vituo na matengenezo.

Newala hata maji ni suala la umeme. Uwanda wa Makonde uko juu, maji yako chini Mitema, na lazima yasukumwe kupanda. Umeme ukiyumba, ndoo inapanda bei.

Nishati ya kupikia nayo ina mkakati wake, uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hili mhandisi hatoshi. Anahitajika mtu anayejua kwa nini mtungi wa gesi uliogawiwa bure hukaa pembeni ukiisha, na kuni zikarudi. Kujaza ni hela ya mara moja, wakati mkaa unanunuliwa kwa kopo.

Kalenda ya korosho

Kijijini, kuunganishiwa umeme wa REA ni Sh27,000. Bei hiyo wengi wanaimudu. Kinachowashinda ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba, fundi na vifaa, ambavyo huzidi bei hiyo kwa mbali.

Masasi na Newala, hela kubwa ya mwaka huja baada ya minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Ndipo watu wanapoezeka bati, wanapolipa ada na madeni. Mkandarasi akifika Novemba, kaya nyingi zitalipia. Akifika Mei, atasimamisha nguzo, atawasha nyumba chache na kuondoka, na taarifa itasema wananchi hawana mwitikio.

Hakuna programu ya kompyuta inayojua hilo yenyewe. Anayelijua ni mtu aliyewahi kufanya kazi Masasi, na kwa sasa huenda yuko kwenye foleni ya Ajira Portal, akisubiri kuitwa kwenye usaili.